Uzio wa kayaba umekuwa mrefu juu, uchi chini: je, niung'oe?

*Swali: Miaka sita iliyopita nilipanda uzio wa kayaba kuzunguka kiwanja changu kwa sababu niliambiwa mmea huu hauhitaji maji wala matunzo. Sikuukata hata mara moja, nilitaka ufike juu haraka. Sasa upande wa mwinuko una urefu wa mita tatu, lakini chini ni vijiti vitupu. Mbwa wanapita, hata mbuzi wanapita. Upande wa bondeni majani yanageuka njano na kupukutika ingawa ninamwagilia kila jioni. Na kwa miaka yote hii sijaona tunda hata moja. Mmoja amenishauri nikate juu tu, chini patajaa penyewe. Mwingine anasema ning'oe yote kwa kuwa shina likishakomaa halichipui tena. Nifanye nini, na mbolea gani itarudisha majani ya chini?*

Nimelisoma swali lako mara mbili, maana ndani yake mna maswali matatu na kila moja lina jibu lake. Uzio umekimbilia juu ukaacha chini wazi; upande wa bondeni unaumwa; matunda hayajaonekana. Wewe umeyafunga yote katika fundo moja, ukatafuta mbolea ya kulifungua. Mbolea hiyo haipo. Lakini nikuondolee hofu mapema: kwa jinsi ulivyoeleza, kayaba ya upande wa mwinuko ni nzima kabisa. Usiing'oe. Inahitaji msumeno, na inahitaji wewe uwe na moyo wa kuutumia.

Tuanze na mmea wenyewe. Kayaba, ambayo wataalamu wa mimea huiita *Dovyalis caffra*, asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina la kei apple ambalo wengi hulitumia limetokana na mto Kei ulioko Afrika Kusini. Porini haikui kama uzio. Hukua kama mti, na ikipata nafasi na umri hupita hata mita tano, shina chini na kichwa cha majani juu. Kwa hiyo kayaba yako imefanya hasa kile ambacho mti hufanya usipoguswa. Aliyekuambia kwamba haihitaji matunzo alichanganya mambo mawili: kustahimili ukame na kujikata yenyewe. La kwanza inaliweza. La pili ni kazi yako.

Sasa tuone kwa nini chini pamekuwa uchi, kwa sababu ukilielewa hili utajua mwenyewe pa kukata.

Kwenye ncha ya kila tawi linalopanda wima kuna jicho la kuchipua linalotawala wenzake. Jicho hilo na majani machanga yaliyo karibu nalo hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka ndani ya tawi na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Macho hayo hayajafa. Yamelala chini ya gamba, na yanaweza kulala miaka mingi. Ncha ikiondolewa, kizuizi kinalegea, na macho machache yaliyo jirani na jeraha yanaamka na kuwa matawi. Shikilia hapo kwenye neno *jirani*. Yanayoamka zaidi ni yale yaliyo chini kidogo tu ya ulipokata, si yale yaliyo mita mbili chini yake. Ukikata kwenye mita mbili na nusu, kichaka kinaota kwenye mita mbili na nusu. Ukikata kwenye magoti, kichaka kinaota magotini.

Juu ya hilo ongeza mwanga. Jani hugharimu mmea maji na chakula, na hulipa gharama hiyo kwa kutengeneza sukari pale linapopata jua. Jani lililofunikwa na kivuli siku nzima hushindwa kulipa, na mmea hulitupa. Tawi lote likiwa kivulini hunyauka vivyo hivyo. Uzio wako, kwa kuachwa ukue huru, umepanuka juu na kuwa mwembamba chini, mfano wa mwavuli, na mwavuli huo ndio uliovua majani ya chini. Hapo ndipo ushauri wa kukata juu tu unapokosea. Mkato wa juu utaamsha matawi mengi palepale juu, mwavuli utakuwa mzito zaidi, na mbuzi wataendelea kupita chini yake kwa raha kuliko jana.

Ushauri wa pili, kwamba shina lililokomaa halichipui, una ukweli kwa mimea mingine. Saipresi, kwa mfano, ukiikata hadi kwenye sehemu kongwe isiyo na majani, haioti tena mahali hapo, na watu wengi wameharibu nyua zao kwa njia hiyo. Nadhani aliyekushauri aliwahi kuona jambo la namna hiyo akalifanya kanuni ya kila mmea. Kayaba si hivyo. Huchipua kutoka kwenye shina nene, na huvumilia kukatwa sana. Kabla ya kukata, jihakikishie kwa ukucha: kwangua gamba kidogo kwenye shina, karibu na ardhi. Ukikuta rangi ya kijani na unyevunyevu chini ya gamba, mti uko hai. Ukikuta kahawia kavu, kwangua chini zaidi, kisha mti wa jirani. Ifanye kazi hiyo mti kwa mti na uifunge kitambaa ile iliyokufa, ili siku ya kukata usibahatishe.

Basi kata. Kata mashina ya upande wa mwinuko kwenye sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Najua inavyouma. Ukuaji wa miaka sita unabaki visiki vilivyopangana kama meno, na jirani atakuuliza umepatwa na nini. Lakini ndiyo njia ya kuleta macho yaliyolala mahali unapotaka majani, yaani chini ambako mbuzi anapitisha kichwa. Fanya kazi hii mvua zinapoanza, au zikiwa zimekaribia. Mti unapochipua upya hutumia akiba iliyo kwenye mizizi na unahitaji unyevu wa kuisafirisha. Ukikata katikati ya kiangazi kikali utachipua kwa shida, na chipukizi changa litaungua.

Tumia msumeno kwa mashina na mkasi wa kupogolea kwa matawi membamba. Panga liache. Panga hupasua shina, na mpasuko huo unaoteremka ndani hukaa na maji, ukawa mlango wa kuvu na wadudu. Mkato wa msumeno uwe na mteremko kidogo ili mvua isituame juu ya kisiki. Huhitaji kupaka rangi wala lami. Kidonda safi kinachopigwa na hewa hujifunga chenyewe. Matawi usiyaondoe kwa shina zima, maana yamefumana na miiba yake hushikana. Anza juu, kata vipande vifupi, shusha kimoja kimoja.

Unaweza kuogopa kubaki bila uzio, na hofu hiyo ni ya haki kama una mifugo au unahofia usalama. Njia ya kati ipo: kata sehemu moja ya mstari mwaka huu, sehemu nyingine msimu wa mvua unaofuata. Wengine hukata shina moja na kuruka moja. Hiyo siipendi, kwa sababu mashina marefu yanayobaki huendelea kuvitia vivuli vichipukizi vya jirani, ukarudi palepale. Kata kipande kirefu kizima kipate jua lote, kisha uende kipande kingine. Na matawi yale ya miiba usiyachome moto. Yapange chini kwa kulalia mstari wa visiki, upande wa nje, yawe uzio wa muda. Utayahitaji, kwa sababu chipukizi la kayaba linapotoka ni laini, mwiba wake bado ni mlaini kama jani, na mbuzi akilionja mara moja atarudi kila asubuhi hadi kisiki kichoke.

Baada ya wiki chache utaona vinundu vidogo, saizi ya punje ya mtama, vikipasua gamba la kisiki. Hayo ndiyo macho yaliyoamka. Viache vichipukizi hivyo hadi viwe na urefu wa sentimita 30 hivi, kisha ukate kila kimoja nusu. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wameona kijani, wamefurahi, wanaona dhambi kukikata. Usipokata, kila chipukizi litakuwa mlingoti mpya wenye jicho lake linalotawala, na baada ya miaka mitatu utaniandikia swali lilelile. Ukikata, kila kimoja kinatoa viwili au vitatu. Vikiota tena, kata tena, ukiacha sentimita 10 hadi 15 tu za ukuaji mpya kila mara. Uzio unapanda taratibu kama ukuta unaojengwa tofali kwa tofali, na kila tabaka linakuwa limeshafumana kabla ya la juu yake.

Pamoja na urefu, angalia umbo. Chini pawe pana kuliko juu, daima. Kama unataka uzio wa mita moja na nusu, chini uache upana wa mita moja na juu sentimita 60 hivi, ili jua la asubuhi na la jioni lifike kwenye majani ya chini pande zote mbili. Funga kamba ukiwa unakata, maana jicho hudanganya. Mtu aliyesimama hukata juu kwa woga na chini kwa nguvu, na baada ya miaka miwili ule mwavuli umerudi bila yeye kujua. Uzio ukishafika kimo, mikato miwili au mitatu kwa mwaka inatosha.

Kuna jambo kuhusu miiba ambalo huwashangaza wengi, nami huona raha kulieleza. Mwiba wa kayaba ni tawi. Ukiutazama kwa makini utaona umetoka kwenye kwapa la jani, mahali hasa ambapo tawi hutoka. Ni tawi lililoacha kurefuka likakaza ncha yake. Miiba mirefu, yenye sentimita tatu hadi saba, hupatikana zaidi kwenye matawi machanga yenye nguvu. Mti mkubwa wa kayaba ambao haujaguswa kwa miaka unaweza kuwa na miiba michache sana, hata ukakosa. Kwa hiyo kila unapokata unaongeza miiba pia, na unaiweka pale chini inapotakiwa. Uzio wako wa mita tatu usiokatwa ulikuwa mrefu na mpole.

Yale mapengo ambayo mti umekufa kabisa hayatajazwa na majirani peke yao, na mche mpya ukiuchomeka kati ya miti mikubwa utadumaa, kwa kuwa mizizi ya wakubwa inakunywa maji yote na kivuli chao kinamaliza jua. Ndiyo maana wakati mzuri wa kupanda miche ya kujaza ni baada ya kukata, wote wakiwa wafupi. Chimba shimo la kutosha, sentimita 40 kila upande, kata mizizi iliyoingilia kutoka kwa majirani, changanya udongo na mboji iliyooza vizuri, panda, kisha umwagilie mche huo peke yake msimu wote wa kwanza wa kiangazi. Pengo dogo linaweza kufungwa kwa kulaza tawi: chukua chipukizi refu linalopindika la mti wa jirani, lilaze chini kuelekea pengo, likwangue gamba upande wa chini, lifukie sehemu hiyo kwa udongo na uliwekee jiwe. Likishika mizizi linakuwa mti wake lenyewe. Huchukua muda, lakini halimwachi mama yake hadi liwe na nguvu.

Sasa tuingie bondeni.

Umesema unamwagilia kila jioni na bado majani ni njano. Sina shaka na bidii yako, lakini huenda bidii hiyo ndiyo inayoua. Mzizi unapumua. Unahitaji hewa iliyo katikati ya chembe za udongo ili uweze kufanya kazi ya kufyonza maji na virutubisho. Maji yakijaza nafasi hizo na kukaa, hewa inatoka, mzizi unakosa pumzi, unaanza kuoza, na mzizi uliooza haufyonzi. Kwa hiyo mti uliosimama ndani ya maji unaonyesha dalili zilezile za mti wenye kiu: majani yanalegea, yanakuwa njano, yanaanguka. Mwenye shamba akiona hivyo anaongeza maji. Kayaba huvumilia ukame, huvumilia hata udongo wenye chumvi kiasi, ila maji yaliyotuama haiyavumilii.

Usiniamini kwa maneno, chimba. Hatua mbili kutoka kwenye mstari, upande wa chini, chimba shimo la sentimita 50 asubuhi, kabla ya kumwagilia. Chukua udongo wa chini ya shimo uufinye mkononi. Ukitoa maji, au ukiwa na rangi ya kijivujivu na harufu ya yai viza, jibu umelipata: maji yanatuama. Fukua pia mzizi mmoja mwembamba. Mzizi mzima ni mgumu, na ndani yake ni mweupe au wa rangi ya malai. Uliooza ni kahawia, na ukiuvuta kati ya vidole ganda lake linavuka kama soksi na kuacha uzi mtupu katikati.

Kama hivyo ndivyo, acha kumwagilia leo. Chimba mfereji upande wa chini wa uzio, wenye kina cha nusu mita hivi na mteremko wa kutoa maji nje ya mstari. Miti ambayo bado ina majani mengi itajirudi yenyewe polepole. Iliyokufa ing'oe, inua tuta la sentimita 30 hadi 40, na upande miche mipya juu ya tuta badala ya mahali palepale. Na hii ya bondeni usiikate kwa nguvu kama ile ya mwinuko mwaka huu. Mti huchipua kwa akiba ya mizizi, na mizizi migonjwa haina akiba. Punguza ncha tu, ngoja ipone, kata mwakani.

Lakini shimo linaweza kukuonyesha kinyume chake: sentimita tano za juu zimelowa, chini ni vumbi. Hutokea sana kwa watu wanaomwagilia kidogo kila siku. Maji hayo hayashuki. Mizizi nayo hufuata maji, ikabaki imetanda juu juu ambako jua likikosa huruma siku mbili tu panakauka. Uwezo wa kayaba kustahimili ukame uko kwenye mizizi iliyoshuka. Mmea haukuzaliwa nao, huujenga. Mche wa mwaka wa kwanza unakufa kwa kiu kama mche mwingine wowote. Dawa yake ni kumwagilia kwa nadra na kwa wingi: lita 5 hadi 10 kwa mche, mara moja kwa wiki, maji yamwagwe taratibu yazame, kisha uache udongo wa juu ukauke kabisa kabla ya zamu nyingine. Miti yenye miaka sita, ikishazoea, unairefushia muda hadi unaacha kabisa. Tandaza nyasi kavu kwenye mstari ili unyevu usiruke, ila acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, maana gamba likikaa unyevuni linaoza.

Kuhusu mbolea, nitasema kidogo tu. Haiwezi kurudisha jani pale lilipodondoka, kwa sababu jani jipya hutoka kwenye jicho lililoamka, na jicho linaamshwa na mkato na mwanga. Baada ya kukata, debe moja la samadi iliyooza au mboji kwa kila mita mbili za mstari litasaidia chipukizi. Mbolea kali ya chumvichumvi usiiweke kwenye miti ya bondeni inayoumwa; mizizi iliyojeruhiwa itaungua zaidi. Kama shimo limeonyesha udongo mzuri usio na maji mengi na bado njano inaendelea, tazama ni majani gani. Njano ikianza kwenye majani ya zamani, ya chini ya tawi, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Ikianza kwenye majani machanga, mishipa ikabaki kijani, mara nyingi mmea umeshindwa kupata madini ya chuma, na udongo wenye chokaa nyingi huleta hali hiyo.

Hapo, au ukiona matawi mazima yakikauka kwa ghafla kutoka mti hadi mti huku gamba likipasuka na kutoa utomvu, usiendelee kubahatisha wala kununua dawa ya kunyunyiza. Mwite bwana shamba aje aone kwa macho. Akishindwa kufika, mpelekee tawi lenye majani mabichi na yaliyoumwa, kipande cha mzizi, na mfuko wa udongo wa kina cha sentimita 30. Jani moja la njano halimwambii mtu chochote.

Nawe ujilinde. Vaa glavu nene za ngozi, buti, mikono mirefu, na miwani ya kukinga macho hata kama kazi ni ya dakika kumi. Tawi la kayaba likiachiwa hurudi kwa kasi, na ncha yake inakuja usawa wa uso. Mwiba ukikuchoma, uchomoe mzima, osha kwa maji na sabuni. Ukivunjikia ndani karibu na kifundo cha kidole, goti au kiwiko, au ukiona uvimbe, joto au maumivu yanayoongezeka siku ya pili, nenda hospitali. Kipande cha mwiba ndani ya kifundo kinaweza kusumbua kwa miezi. Ukichomwa jicho nenda saa hiyohiyo, na usijaribu kuuchomoa mwenyewe. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki uliipata lini.

Nimebakiza matunda, na hili nina furaha kulijibu kwa sababu hukuuziwa mbegu mbovu. Kayaba ina miti dume na miti jike. Maua ya dume yako kwenye mti mmoja, ya jike kwenye mwingine, na ni jike tu anayezaa, tena kwa kawaida akiwa na dume karibu ili wadudu wahamishe chavua. Miche itokanayo na mbegu huchanganyika, na huwezi kuijua ikiwa midogo. Huanza kuzaa ikiwa na miaka minne au mitano hivi, kwa hiyo yako iko katika umri. Inawezekana kwamba una dume wengi. Inawezekana jike wako wapo bondeni, wanaumwa, hawana nguvu ya kuchanua. Tena uzio unaokatwa kila msimu huzaa kidogo, kwa kuwa matawi ambayo yangechanua huishia chini. Hapo utalazimika kuchagua: mstari wa kufunga mbuzi hauwezi kuwa pia bustani ya matunda.

Unaweza kupata yote mawili kwa njia hii. Usikate kwanza pembe moja ya upande wa mwinuko, miti sita au saba. Ikichanua, chukua kioo cha kukuzia uyatazame maua. Ni madogo, ya rangi ya maziwa yenye ukijani, hayana petali, kwa hiyo ni rahisi kuyapita bila kuyaona. Ua la dume ni kishungi cha nyuzi nyingi zenye unga wa njano kwenye ncha. La jike lina kitu kama punje ya kijani katikati, na juu yake vijipembe vifupi vilivyopinda nje. Funga uzi kwenye jike wawili wenye afya na dume mmoja, uwaache wawe miti, ukiondoa matawi ya chini tu ili uweze kupita. Waliobaki kwenye pembe hiyo uwakate kama wengine mvua zinapoanza. Matunda yakiiva yatakuwa ya njano, saizi ya ndimu ndogo, na makali kweli mdomoni. Ukizikosha mbegu zake nyama yote iishe na kuzisia zikiwa mbichi, utakuwa na miche yako mwenyewe ya kuziba yale mapengo ya bondeni.